Ulichomwimbia Bi Shemsa Marekani

Zuwena,

Wewe ni muongo, na kufa hakujakusafisha. Najua watu wanasema marehemu hasemwi. Vizuri, mimi sikusemi. Nasema na wewe, uso kwa uso, kama tulivyokuwa tukisemana jikoni kwangu hapa Woolwich, wewe umekaa juu ya ndoo ya mchele kwa sababu viti vyangu ulikuwa huvitaki.

Umejilalia huko kimya, umeniachia mimi mwanao. Masoud hanisalimii. Tulikutana juzi sokoni, pale kwenye meza ya samaki, akageuza uso akajifanya anachagua bamia. Mtoto niliyembeba mgongoni, nikamfuta kamasi kwa kanga yangu, leo bamia zina maana kuliko mimi.

Na mkono unaniuma, kwa hiyo usiutazame mwandiko. Unajua skuli nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu. Atakayeyaona makosa na ayaruke. Sikiliza sasa, usinikatize. Ulikuwa na tabia hiyo.

Siku ya khitma yako nyumba ya Masoud kule Ilford ilijaa mpaka kwenye ngazi. Wanaume chumba cha mbele, sie wanawake nyuma na jikoni. Walikuja watu nisiowajua, wanafunzi wako wa Kurani, wasichana ambao sasa ni mama za watu, wanalia kama waliofiwa na mzazi. Kila mmoja ana neno lako: Mwalimu Zuwena alinifundisha hiki, Mwalimu Zuwena alinikanya kile. Nilikaa nikajivuna utafikiri mimi ndiye niliyekuzaa. Pilau lilikuwa zuri, ila bizari walitia kwa woga.

Basi akaingia Latifa. Mjukuu wako alikuwa akitafuta picha zako za ujana, maana nyumba nzima haina hata moja, na sababu unaijua wewe uliyezichoma. Kumbe kuna mtu huko Marekani amekusanya vipindi vya zamani vya televisheni, vile vya kila kitu kidogo kidogo, mchekeshaji akitoka anaingia mtu wa mazingaombwe, akitoka huyo wanaingia waimbaji, akaviweka kwenye intaneti kila mtu atazame. Na sisi tumo. Mimi, wewe na marehemu Asha. Vichwa wazi, nywele zimepandishwa juu kama vichuguu, magauni ya kumetameta, mabega nje. Latifa alikujua kwa lile jino lako la pembeni lililopanda jenzake.

Alinijia mbio, uso unang'aa, ananambia kwa Kiingereza chao kile cha haraka kwamba bibi yake alikuwa nyota na hakuna aliyemwambia. Kiswahili cha kutumwa dukani anakielewa, cha kuimbwa humpita. Kabla sijaipata miwani yangu, keshatoka mlangoni, kampelekea baba yake simu kule kwa wanaume.

Masoud si kama Latifa. Masoud Kiswahili alilishwa na bibi yake, Bi Shemsa, kwa kijiko. Alisikia kila neno.

Nilijua ni wimbo gani kwa ule ukimya. Wanaume walikuwa wanapiga soga, mara kimya, na katika kile kimya nikaisikia sauti yako. Zuwena. Sauti yako ya miaka ile, kabla kifua hakijakuharibia. Nilishika sinki. Asha anaitikia nyuma yako, mimi chini yake, na tulikuwa wazuri, shoga, usinibishie, tulikuwa wazuri kweli.

Halafu nikasikia jina la Bi Shemsa.

Nikukumbushe, maana wewe ulipenda kusahau. Tulikuwa wasichana wa dobi, hospitalini, tunakunja mashuka. Tulifika huku baada ya mapinduzi, kila mmoja na njia yake na mkosi wake, na kilichotukutanisha ni kuimba, kwa sababu mashine zile zilikuwa na kelele na bila kuimba ungepata wazimu. Mpiga piano mmoja, Mgoa wa kwetu, akatusikia kwenye harusi, akatutafutia kazi kwenye mahoteli. Wakala wake, bwana mmoja Mwingereza, akatupa jina, Dada wa Karafuu. Hatukuwa dada, na Asha hakupata kuchuma karafuu hata moja, kwao walikuwa wauza vitambaa mjini. Lakini Wazungu walilipenda hilo jina, na kwa jina hilo tukapandishwa ndege.

Unakumbuka New York mara ya kwanza? Mwanamke wa kutupamba hakuwa na poda ya rangi yetu, akachanganya mwenyewe kwenye kisahani, na sote tukatoka rangi moja kama matofali. Nyuma yetu minazi ya mbao na simba aliyejazwa pamba. Asha akauliza huyu simba ni wa Unguja ipi. Mwenye kipindi, yule mwenye meno mengi, majina yetu yalimshinda, akatuita kwa rangi za magauni. Wewe ulikuwa Bi Kijani. Tuliimba nyimbo zao za mwezi na nyota, na mara nyingine hatukuimba hata, sauti zilikuwa zimeshanaswa mapema, sisi tunafumbua midomo tu na kusimama kwenye alama za chaki. Ulikuchukia kule kufumbua mdomo. Ulisema ni kama kutafuna na mdomo hauna kitu.

Mara ya tatu ndiyo ile. Kipindi kilikuwa kinakwenda hewani hapo hapo, hakuna kurudia. Akaingia yule bwana wa mbwa wanaoruka kwenye pete, na mbwa wake mmoja akakataa. Akalala chini. Akalala kabisa, hata kwa nyama haamki. Wakamtoa na bwana wake, nafasi ikabaki tupu, na msichana mmoja akatujia mbio kule pembeni tulikosimama akasema imbeni chochote cha kwenu, bila piano, ingieni sasa hivi.

Na wewe wiki ile ulikuwa na moto. Seif alitaka kukuoa, na mama yake, Bi Shemsa wa Malindi kwetu Unguja, alikataa. Salamu zilikufuata mpaka huko, nazo hazikuwa na sukari: mwanawe haoi mwanamke anayetikisa mabega mbele ya makafiri, na tena waimbaji hawajui kupika. Ulikuwa hujala tangu asubuhi. Mimi nilidhani utatuanzishia wimbo wa watoto, au wa kumpamba bibi harusi. Ukapiga hatua mbele, ukaiacha alama yako ya chaki, ukaanza makofi yale ya ngoma ya ndani, ya wanawake wakijifungia peke yao na mwali, mwanamume akikaribia dirisha anamwagiwa maji. Na ukatunga papo hapo:

Bi Shemsa wa Malindi, mwanao siyo dhahabu,
Mfiche kwenye kabati, apate kuota kutu.
Ulimi wako mkali, ukatie vitunguu.

Tufanye nini mimi na Asha? Tuliitikia. Mwenzio akianza, unaitikia, ndivyo tulivyolelewa. Na moyoni tulisema, Marekani yote hii nani anajua Kiswahili.

Wakatupigia makofi. Yule wa meno akakushika mkono akakuuliza wimbo unasema nini. Na wewe, bila kupepesa jicho, ukamwambia ni wimbo wa kumwombea mama dua. Yule mtu machozi yakamlenga. Akaigeukia kamera akasema wimbo huu uwaendee akina mama wote wa Marekani. Asha alijiuma mdomo mpaka ukatoka damu. Yote hayo yamo kwenye simu ya Latifa, na damu ya Asha pia, ukitazama vizuri.

Sasa fikiri Masoud anayasikia hayo mbele ya ami zake na imamu, siku ya khitma ya mama yake. Bi Shemsa ndiye aliyemlea wewe ukienda kazini hajaamka na kurudi kalala. Ndiye aliyemfundisha kutawadha. Mpaka leo akimtaja bibi yake anashusha sauti.

Alikuja mlango wa jikoni, hakuingia. Akasema, Bi Raya, huyu si mama. Mama alipoacha dobi alikuwa anashona kiwandani.

Kumbe ndivyo ulivyowaambia. Kushona. Zuwena, wewe kifungo kilikushinda, kanga zako zote nimezipinda mimi.

Nikamwambia ni mama yako, na huyo wa pembeni ni mimi, nilikuwa na kiuno enzi hizo. Nilidhani atacheka. Akanambia kwa adabu, ile adabu inayochoma, Bi Raya, usimsingizie marehemu. Nikamuuliza, Masoud, miye naitwa muongo siku ya kumsomea mamaako? Rudisha mwanzo. Usitazame, funga macho, sikiliza. Akafunga macho akasikiliza. Hapo ndipo alipoamini, nilimwona, mabega yalimshuka. Na Latifa kasimama katikati yetu, anauliza kwa Kiingereza wimbo unasema nini, unasema nini, na hakuna mtu anayemjibu.

Kinachoninyima raha ni hiki. Masoud alikuwa anakusomea. Kila Alhamisi baada ya magharibi alikaa akakusomea Yasini, na wewe ulikuwa na bahati, maana wangu mimi sijui kama watasoma hata maelezo ya dawa zangu. Mkewe amenipigia simu. Ameacha. Amesema, nimsomee vipi mtu aliyemtukana bibi yangu mbele ya dunia, akatudanganya sisi wanawe mpaka anakufa, na huku anafundisha watoto wa wenzake adabu. Kaburini haendi. Wewe umelala ubavuni pa Bi Shemsa kwa kutaka mwenyewe, kwa hiyo akienda kwa bibi yake itabidi akuone na wewe, basi haendi kwa yeyote. Majani yameota mpaka juu. Nimekwenda kuyang'oa mimi, mabasi mawili na haya magoti, na mvua inaninyeshea. Mwanamume mmoja mlinzi akanambia, bibi, kuna watu wa kazi hiyo. Nikamwambia najua, na wao hawatoshi.

Na dawa ya Masoud ninayo. Ndiyo maana nina hasira.

Hajui kwamba Bi Shemsa aliujua wimbo ule kabla hajakuona kwa macho. Sisi tulisema nani anajua Kiswahili. Alikuwapo kijana wa Malindi anasoma huko huko Marekani, kakaa mbele ya televisheni na sahani mapajani. Unguja yote iliupata. Seif akakuoa hivyo hivyo, kwa ubishi wake, na baadaye akamleta mama yake huku atibiwe macho, naye hakurudi tena Unguja. Siku ile ulipika mpaka ukatoka malengelenge. Ulinitia na mimi jikoni kwako nikusaidie kutetemeka. Bi Shemsa akala kimya, akanawa, akangoja Seif atoke kwenda kazini. Akafunga mlango. Akajifunga kanga kiunoni, mwanamke mzima na fimbo yake, macho yenyewe haoni vizuri, akakugeukia akapiga makofi:

Zuwena wa Marekani, sauti kama chiriku,
Wali wako una mawe, nimebaki ufizi tu.

Ulikaa sakafuni. Sijui ulicheka mpaka ukalia au ulilia mpaka ukacheka, na yeye kasimama juu yako anangoja ujibu. Ukajibu. Tangu hapo hamkuacha. Mwanamume wa mwisho akitoka, mlango unafungwa, mnaanza kutukanana. Yeye anakutukania upishi, wewe unamtukania mwanawe, mimi na Asha tunaitikia, siku nyingine upande wako, siku nyingine wake, kwa kutegemea nani kapika nini. Sijapata kuona mama mkwe na mkamwana wakipendana vile. Na alipolala kitandani mara ya mwisho, wewe ndiye uliyemwosha na kumlisha. Alipokuwa hawezi tena kusema alikuwa akigonga kidole kwenye ubao wa kitanda, makofi yale yale, na wewe unamwinamia sikioni unamwimbia pole pole jinsi alivyo mbaya. Akitabasamu, unamwongezea.

Masoud alikuwa nje ya mlango, kijana mkubwa. Alidhani unamsomea.

Haya, kwa nini simwambii? Kwa sababu Bi Shemsa alituapisha. Ya jikoni hayatoki jikoni, kwa mwanamume yeyote, na kwa Masoud ndiyo kabisa, maana alitaka kubaki bibi wa heshima kwa mjukuu wake. Nilimshika mkono nikaapa. Asha amekufa, yeye amekufa, wewe umekufa. Mwenye kiapo nimebaki mimi peke yangu, na hakuna wa kumwendea nikamwambia, jamani, nifungue. Nikimwambia Masoud nimemvunjia Bi Shemsa heshima. Nisipomwambia, wewe husomewi. Imamu atasema rehema za Mungu hazimngoji Masoud. Najua, nami sijaanza kuswali jana. Lakini yule mtoto ulimpata baada ya mimba ngapi kuharibika, mimi ndiye niliyekaa na wewe hospitali, na sitaki awe yeye ndiye aliyekunyamazia.

Na nina hasira nyingine, hii ni yangu. Ulipozichoma zile picha ulisema unaanza upya. Sikukuzuia. Ulivaa buibui lako na mimi nikavaa langu. Lakini kwenye picha zile nilikuwamo. Asha alikuwamo, na Asha hakuacha hata mtoto wa kumtaja. Wewe ulikuwa na wanafunzi mpaka Peckham wanakubusu mkono. Mimi nimegeuza wagonjwa wa watu vitandani mpaka mgongo ukakatika, na kitu kimoja tu nilichofanya ambacho hakuna jirani aliyekifanya ni kusimama kwenye chaki ile na kuimba Marekani inasikiliza. Ulipowaficha wanao kuimba kwetu ulinishonea na mimi mdomo. Ulinikalisha kwenye meza yako miaka yote, wanao wakiniuliza, Bi Raya, zamani mlikuwa mkifanya nini, na wewe unanitazama juu ya kikombe. Nikajibu, tulikuwa tukifua. Kwa ajili yako nilijibu hivyo, na sikupenda.

Basi nimekata shauri, na hukuulizwa. Bi Shemsa alisema wanaume. Latifa si mwanamume. Ana haki ya kuingia jikoni mlango ukafungwa kama sote tulivyoingia. Jumamosi anakuja kwangu. Nilimpigia, akajibu kwa Kiingereza kwamba atakuja, nikamwambia sema kwa lugha ya bibi yako, akanuna, akasema. Nitamfundisha makofi kwanza, maana mikono ya watoto hawa imezoea kupapasa simu. Halafu beti zako, halafu za Bi Shemsa, zote ninazozikumbuka, na nitamweleza nani alikuwa akimtukana nani, na nani alimwosha nani. Atakachokwenda kumwambia baba yake ni chake. Bi Shemsa akinikamata huko mliko nitamwambia, nilimwambia mwanamke mwenzangu, na yeye hatakasirika sana, alipenda mtu mwenye jibu.

Na kile kipande hakifutwi. Masoud alimwagiza Latifa amwandikie yule mtu wa Marekani akitoe. Nimemkataza mtoto. Tuko watatu mle, mmoja bado anapumua, na hajaombwa ruhusa.

Lakini Latifa peke yake hatoshi, mimi si mjinga. Mtoto akimwambia baba yake kwamba yale matusi yalikuwa mapenzi, Masoud atamwambia kasome. Ni mwanao, kichwa kile ni chako. Neno la mtu mwingine halimwingii.

Haya, shoga yangu, nakuaga. Mungu akupanulie kaburi, akusamehe uongo wa kiwandani na ule wa dua ya mama. Majani nitayang'oa mpaka magoti yakatae, na yakikataa nitakwenda na mjukuu wako anishike, hiyo nakuahidi. Na Alhamisi nitakusomea mimi, pole pole, kwa kukwama kwama kwangu, mpaka mwenyewe arudi kwenye nafasi yake.

Wewe nawe ufanye kazi yako. Kwangu usije tena. Umenijia usingizini mara nyingi, unasimama mlangoni unanicheka, na mimi sina shida na wewe. Nenda Ilford. Mwendee Masoud, na usimwendee na nguo nyeupe na harufu ya udi kama marehemu wa watu, hatakuamini. Mchukue Bi Shemsa. Simameni mbele ya kitanda chake nyote wawili, fungeni mlango, mtukanane.